Maswali ninayoulizwa kuhusu riwaya za ujasusi

Nina kabati moja la vitabu na daftari moja la waazimaji. Kabati liko ukumbini kwangu Mkunazini, mjini Unguja, daftari liko juu yake, na kalamu nimeifunga uzi kwa sababu zilizokuwa zikipotea ni kalamu, si vitabu. Rafu mbili za chini ni riwaya za ujasusi tupu. Wanaokuja kuazima huniuliza yale yale, tena hupiga hodi saa nane mchana mtu amejinyoosha. Vijana wamenishauri niyaandike. Haya, nimeyaandika.

Maalim, nianze na kipi?

Zamani nilikuwa nikimpa mtu John le Carré moja kwa moja, nikidhani namheshimu. Kitabu kilirudi baada ya siku tatu, na kikaratasi cha alama kiko ukurasa wa ishirini. Sasa namkabidhi *Our Man in Havana* ya Graham Greene, iliyotoka 1958.

Shujaa wake, kama ni shujaa, anaitwa Wormold. Ni Mwingereza anayeuza mashine za kufyonza vumbi mjini Havana, Kuba. Biashara imelala, na binti yake anataka farasi. Anatokea mtu wa idara ya ujasusi ya London, anamwajiri, na kumwahidi fedha za kuwalipa watoa habari wake. Wormold hana mtoa habari hata mmoja. Anachofanya ni kuokota majina kwenye orodha ya wanachama wa klabu na kuyapeleka London, kila jina na malipo yake. London wakitaka zaidi, anakaa mezani, anachora vipande vya mashine yake ya vumbi, anavikuza vipimo, kisha anapeleka akidai ni mitambo ya siri inayojengwa milimani. Wakubwa wanatetemeka.

Aliyewahi kukaa baraza la kahawa anamjua Wormold. Ni yule ambaye siku akikosa habari huipika, halafu kesho yake inamrudia kutoka mtaa wa Ng'ambo imeshaota mbawa, naye anaiamini. Utacheka mpaka katikati ya kitabu. Kisha mtu mwenye jina lile lile la kubuniwa anakufa kweli, na kicheko kinakukauka mdomoni.

Ujasusi na upelelezi si kitu kimoja?

Madukani huwekwa pamoja, lakini si kimoja. Mpelelezi huanza na maiti au wizi, akamtafuta aliyefanya. Jasusi anatafuta siri ya nchi nyingine, au anailinda ya kwao, na mara nyingi mvunja sheria ni yeye mwenyewe. Ndiyo maana mpelelezi Bwana Msa hayumo katika rafu zile mbili, ingawa ni mtu wetu na yuko karibu na moyo wangu kuliko wote. Muhammed Said Abdulla alimleta duniani katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyoshinda tuzo mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapishwa 1960. Kiko cha tumbaku mdomoni, mwenzake Najum pembeni, akili inakwenda. Lakini Bwana Msa hatumwi na serikali wala hajifanyi mtu mwingine ili apate mkate wake. Yeye yuko rafu ya juu, na haazimwi wakati wa mitihani.

Kiingereza kinanishinda. Kwa Kiswahili kuna nini?

Kuna Elvis Musiba na kuna Ben Mtobwa. Ukishawamaliza hao wawili ndiyo uje kulalamika.

Musiba ndiye baba wa jasusi Willy Gamba. *Kufa na Kupona* ilitoka 1974, *Kikosi cha Kisasi* 1979, kisha zikafuata nyingine, *Njama* na *Hofu* zikiwemo. Wapo wanaosema Gamba ni James Bond aliyevishwa ngozi nyeusi. Kwa suti, bastola na wasichana, sawa. Lakini tazama anapigania nini. Tangu 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Wapigania uhuru wa Msumbiji, wa Afrika Kusini na wa kwingineko walikuwa na ofisi pale pale mjini, na Wareno na makaburu walikuwa na kila sababu ya kupenyeza watu wao. Bond alipewa maadui wa kutunga. Adui wa Gamba alikuwa kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Kasoro anazo. Mwanamke katika vitabu vile akiwa mzuri kupita kiasi, jua kuna jambo, na risasi za Gamba haziishi. Usivisome polepole, vitakuharibikia. Visome kama unavyokula urojo, kwa haraka na moto.

Mtobwa ana kalamu nzuri zaidi, na hili nalisema nikijua nitagombezwa. Joram Kiango wake, akiwa na Nuru, ana uchovu na mzaha ambao Gamba hana. Chukua *Tutarudi na Roho Zetu?* ya 1987, kisa cha kupambana na makaburu. Alama ile ya kuuliza kwenye jina si pambo. Unakwenda nayo mpaka kurasa za mwisho.

Mbona watu wanamsifu le Carré nami nikimsoma nasinzia?

Kwa sababu umeanza na *Tinker Tailor Soldier Spy*. Kila mtu anaanza na hicho kwa vile jina lake limesikika. Irudishe rafuni, uchukue *The Spy Who Came in from the Cold*, ya 1963. Ni fupi, unaimaliza kwa siku mbili.

Sura ya kwanza tu inakuonyesha tofauti ya mtu huyu na wengine. Ni usiku, Berlin, kwenye kizuizi cha kupitia baina ya mashariki na magharibi. Leamas, jasusi wa Kiingereza, yuko kibandani anangoja mtu wake avuke kutoka upande wa pili. Mmarekani mmoja anamtilia kahawa na kumwambia akalale, mtu atakuja au hatakuja. Leamas hatoki. Muda unakwenda. Wanaangalia barabara, wanaangalia saa, wanatia kahawa nyingine. Hatimaye anaonekana mtu na baiskeli. Karatasi zake zinakaguliwa, anaruhusiwa, anapanda baiskeli. Hapo taa zinawaka, king'ora kinalia, na risasi. Basi. Sura nzima ni kungoja, na tendo lenyewe halijazi ukurasa mmoja. Aliyewahi kukaa bandarini Mkoani, Pemba, akingojea boti siku ya upepo, kila anayepita na redio akiulizwa "wamesemaje?", ataijua sura hiyo kwa mgongo wake.

Ukishaizoea hali hiyo, ndiyo urudi kwa *Tinker Tailor*, ya 1974. Kisa chake chote kimo katika methali yetu: kikulacho ki nguoni mwako. Miongoni mwa wakubwa wachache wa idara ya ujasusi ya Uingereza, mmoja ni mtu wa Moscow. George Smiley, mfupi, mnene, mwenye miwani, mke wake kamkimbia, anaitwa kutoka kwenye kustaafu amtafute. Le Carré anamwita msaliti wa namna hiyo "fuko", yule mnyama anayechimba chini kwa chini huku wewe unamwagilia mchicha juu. Wala hakukitoa hewani. Kim Philby, aliyewahi kuwa mkubwa katika idara hiyo hiyo, alitoroka Beirut Januari 1963 na kuibukia Moscow baada ya kuwatumikia Wasovieti kwa miaka mingi. Le Carré mwenyewe, ambaye jina lake halisi ni David Cornwell, alikuwa kazini humo wakati huo.

Nasaha yangu: andika majina ya watu kwenye kikaratasi, ukiweke ndani ya kitabu. Na ukiona kurasa hamsini za mwanzo huelewi nani ni nani, usijilaumu. Mwandishi hataki uelewe.

Lazima nivisome kwa mpangilio?

Vya Smiley, ndiyo: *Tinker Tailor* kwanza, *The Honourable Schoolboy* (1977), kisha *Smiley's People* (1979). Cha katikati ni kirefu na unaweza kukiruka, mimi sitamwambia mtu. Wengine soma unavyopenda.

Nimeona filamu zote za Bond. Vitabu vya nini tena?

Kwa sababu Bond wa vitabuni si yule wa filamu. Anachoka, anaogopa, anaumia na jeraha halimponi kwa ukurasa unaofuata. Ian Fleming aliandika riwaya 12 na mikusanyo miwili ya hadithi fupi. Ya kwanza, *Casino Royale* ya 1953, karibu yote inazunguka meza ya kamari, na bado hutaweza kuiweka chini. Soma hiyo na *From Russia, with Love*. *Live and Let Die* ina namna ya kuwazungumza watu weusi ambayo itakukera, na itakukera kwa haki. Naiazima kwa watu wazima, nikiwaambia mapema.

Maalim, Zanzibar imo katika riwaya hizi?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa hiyo vumilia.

Iko riwaya ya Giles Foden iitwayo *Zanzibar*, ya 2002, inayozungukia milipuko ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam ya Agosti 7, 1998. Inasomeka. Lakini ni Zanzibar ya mtu aliyekuja na kuondoka, bahari nyingi kuliko watu.

Mimi nikiulizwa riwaya ya ujasusi ya Unguja, nampa mtu *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi. Ananitazama kama niliyepotewa na akili. Si tumeisoma skuli? Si mapenzi ya Yasmini na Denge? Ndiyo, lakini isome tena umtazame Inspekta Wright. Denge amerudi kutoka masomoni Urusi, anapigania uhuru, na serikali ya kikoloni inamwinda nyumba kwa nyumba. Kuna makaratasi yaliyopigwa marufuku, kuna kufuatwa, kuna msichana anayetakiwa amchongee anayempenda. Ni riwaya ya ujasusi iliyoandikwa kutoka upande wa anayewindwa. Wazungu wengi wameandika kutoka upande wa mwindaji. Ukitoka hapo, ingia *Haini* ya mwandishi huyo huyo, ya 2003, ambayo ni ya waliokamatwa baada ya kuuawa kwa Rais Karume. Mwandishi mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini. Usiisome kabla ya kulala.

Na historia yenyewe imejaa visa vinavyongoja mwandishi. Alfajiri ya Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani *Königsberg* iliikuta *Pegasus* ya Waingereza hapa bandarini, mashine zake zikitengenezwa, ikaizamisha. Ukienda kisiwa cha Chapwani utayaona makaburi ya mabaharia wake. Kisha njoo 1964. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya anga, kilichokuwa hapa Unguja, kikafungwa. Wajerumani wa Mashariki wakaja. Wengi tunawajua kwa majumba ya Kikwajuni, lakini walikuja pia na wataalamu wa usalama. Markus Wolf, aliyeongoza ujasusi wa nje wa nchi yao kwa zaidi ya miaka 30, alifika hapa mwaka huo na akaieleza safari yake katika kitabu cha kumbukumbu zake. Wakati huo idara za Magharibi zilikuwa hata picha yake ya karibuni hazina. Upande wa pili, ubalozi mdogo wa Marekani uliongozwa na Frank Carlucci. Alifukuzwa nchini 1965 akituhumiwa njama, na baadaye akawa naibu mkurugenzi wa CIA, kisha waziri wa ulinzi wa Marekani.

Sasa niambie: watu wa namna hiyo wawili katika mji mmoja unaoweza kuuzunguka kwa miguu kabla adhana ya magharibi, na mpaka leo rafuni kwangu sina riwaya ya Kiswahili ya kisa hicho! Kila kijana anayeniambia anataka kuandika namwelekeza hapo. Nusu yao hurudi na kisa cha jini.

Jambo dogo la mwisho, kwa wapenda vijambo vidogo. *The Riddle of the Sands* ya Erskine Childers, ya 1903, ni miongoni mwa riwaya za mwanzo kabisa za ujasusi. Vijana wawili wa Kiingereza wanavinjari kwa jahazi dogo katika mafungu ya mchanga ya pwani ya Ujerumani na kugundua Wajerumani wana jambo. Si mbali na pwani hiyo kuna kisiwa cha Heligoland. Ndicho kile ambacho Uingereza iliwapa Wajerumani katika mkataba wa 1890, nao Wajerumani wakakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Waingereza. Wavuvi wetu watakipenda kitabu hicho, maana nusu yake ni maji kujaa na maji kupwa.

Na Afrika kwa jumla?

*The Constant Gardener* ya le Carré (2001) iko Kenya, na ni ya makampuni ya dawa zaidi kuliko majasusi. Lakini msomaji wa Kiswahili asiikose *The Mission Song* ya 2006. Anayesimulia ni Salvo, baba yake padri wa Ireland, mama yake Mkongo. Kazi yake ni mkalimani, Kiswahili kimo katika lugha zake. Anachukuliwa kwenye mkutano wa siri kuhusu mashariki ya Kongo, na anasikia asichotakiwa kusikia. Kila aliyewahi kukaa chumba kimoja na wageni wanaoamini hajui lugha yao atamwelewa. Ongeza *American Spy* ya Lauren Wilkinson, ya 2019: mwanamke Mmarekani mweusi anatumwa amkaribie Thomas Sankara wa Burkina Faso.

Wanawake wako wapi?

Zamani walikuwa kitandani au kaburini, ndiyo kweli. Siku hizi wapo. Mbali na huyo wa Wilkinson, yupo Stella Rimington, mwanamke wa kwanza kuiongoza MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, kutoka 1992 hadi 1996. Alipostaafu akaandika *At Risk* na nyingine baada yake. Mimi napenda zaidi *Restless* ya William Boyd (2006): binti anagundua kuwa mama yake, bibi mtu mzima mwenye bustani, alikuwa jasusi wakati wa vita. Bi mmoja wa Malindi aliirudisha akanambia, "Maalim, mama zetu wote wana kisa kama hiki, ila hawaandiki."

Ni kweli waandishi wenyewe walikuwa majasusi?

Wengi. Somerset Maugham alitumwa Uswisi na Urusi wakati wa Vita vya Kwanza, akatoa *Ashenden* mwaka 1928. Greene alifanya kazi hiyo Freetown, Sierra Leone, na mkubwa wake alikuwa Philby yule yule. Fleming alikuwa ujasusi wa jeshi la majini. Frederick Forsyth alikuja kukiri 2015 kwamba aliwahi kuwasaidia MI6, idara ya ujasusi wa nje ya Uingereza.

Mwanangu ana miaka kumi na mbili. Nimpe?

Mpe vya Alex Rider, vya Anthony Horowitz, aanze na *Stormbreaker*. Willy Gamba asubiri kidogo. Kuna mambo ya hotelini humo.

Cha Ramadhani?

*The Day of the Jackal* ya Forsyth, 1971. Muuaji wa kukodiwa anatumwa amuue Rais de Gaulle wa Ufaransa. Kila mtu anajua de Gaulle alikufa kwake kwa maradhi 1970, yaani unajua tangu ukurasa wa kwanza kuwa Jackal atashindwa, na bado jasho linakutoka. Siri ni kazi yenyewe: vipi anapata pasi kwa cheti cha mtoto aliyekufa zamani, vipi bunduki inatengenezwa vipande vipande. Ukiianza baada ya tarawehe, daku itakukuta macho.

Nitavipata wapi?

Vya Musiba na Mtobwa, waulize wauza vitabu vya mkono wa pili Dar. Jamaa akivuka, mtume, na mwambie avifunge kwenye nailoni maana mawimbi ya bahari hayajui fasihi. Vya Kiingereza wageni huviacha hotelini. Mwenye ndugu anayefanya kazi hotelini ana maktaba na hajijui. Walioko Pemba, mnitumie mtu wa kuaminika, kitabu kitapanda boti. Mtu wa kuaminika maana yake anayekirudisha, si anayeswali safu ya mbele tu.

Kwa nini *Jackal* yako ina karatasi ya mkono mwishoni?

Kuna muungwana aliirudisha bila ukurasa wa mwisho. Jina lake limo daftarini na litabaki humo. Mwaka mzima sikupata nakala nyingine, na kila msomaji akifika pale anakuja kunigongea usiku. Mwishowe nikakaa mezani, nikauandika mwisho kwa kichwa na kuubandika kwa gundi. Palipokuwa pamenitoka, nikajazia.

Nakala nzima nimeipata mwaka jana, nikalinganisha. Nilikosea mambo mawili, moja kubwa. Lakini waliokwisha kuusoma ule wangu wameshausimulia barazani, na wapo wanaoapa kwamba nakala mpya ndiyo iliyochapwa vibaya. Karatasi sijaibandua.